Shajara ya goti la kulia: kutoka kitanda cha upasuaji hadi kwenye baiskeli

20 Julai 2024, Tanga. Kabla ya kazi

Nimefundisha useremala miaka 31, karibu yote nikiwa wima kwenye sakafu ya saruji. Goti la kulia lilianza kuniuma kwenye ngazi, likahamia kwenye tambarare, na mwaka huu limeanza kuniamsha usiku. Picha ya eksirei haina fumbo: upande wa ndani gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na mguu umeingia tege. Nimeshapaka kila dawa inayouzwa kwa kipaza sauti stendi ya mabasi. Nimemeza diklofenaki hadi tumbo likagoma. Nimechomwa sindano mbili ndani ya goti. Ya kwanza ilinipa miezi minne ya raha, ya pili wiki tatu. Daktari wa mifupa amesema kilichobaki ni kulibadilisha, niwekewe la chuma.

Shajara hii naiandika kama nilivyowataka wanafunzi wangu waandike ya karakana: tarehe, vipimo, kilichoharibika, kilichogharimu. Nilipotafuta maelezo ya mtu aliyepitia haya huku akiishi nyumba kama yetu, yenye choo cha kuchuchumaa uani na mkeka wa kuswalia, sikumpata. Wote niliowasoma wana vyoo vya kukalia.

Vipimo vya kuanzia. Mguu ulionyooka kabisa ni digrii 0. Mimi nimebakiza 9 kufika hapo, na kukunja naishia 98. Uzito ulikuwa kilo 94, nimeushusha hadi 88 kwa kuacha chapati za asubuhi na soda, kwa amri ya daktari.

Malengo matatu: kwenda choo cha uani bila kushikwa mkono, kuendesha baiskeli hadi soko la Mgandini, na kusujudu chini.

Upasuaji ulikuwa uwe Julai mwanzoni, ukasogezwa kwa sababu ya jino. Nilikuwa na gego bovu ambalo sikulitaja kwa kuwa sikuona linahusiana vipi na goti. Linahusiana: wadudu wa kwenye jino wanaweza kusafiri na damu wakajibanza kwenye chuma kipya, na wakishakaa pale hawatoki kwa vidonge. Likang'olewa, nikasubiri fizi ipone. Ukipangiwa upasuaji huu, anza na meno. Jino 25,000, picha na vipimo vya damu 140,000.

Wiki hizo za kusubiri nimetengeneza kiti cha choo: fremu ya mninga wa mabaki, tundu katikati, kinasimama juu ya choo chetu. Urefu niliupata kwa kupima kutoka sakafuni hadi kwenye kikunjo cha nyuma ya goti nikiwa nimesimama, sentimita 44, nikaongeza 5, maana kiti kirefu hulilazimisha goti kukunja kidogo tu. Mke wangu alikuwa wa kwanza kukijaribu. Kiliteleza kwenye kigae chenye maji, akabaki ameshika mlango. Nimepigilia vipande vya tairi la pikipiki chini ya miguu, sasa hakisogei. Misumari, vanishi na gundi, 18,000.

10 Agosti 2024, Dar es Salaam. Siku ya nne

Nilifanyiwa Jumanne tarehe 6. Sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo nilikuwa nusu macho, na nilisikia kazi yote. Msumeno ule una meno madogo sana, niliujua kwa sauti. Baadaye daktari alinionyesha mfano wake wa plastiki, na kwa kweli ni useremala: kuna vibao vya kuongozea msumeno ili pembe isikosewe. Ncha ya mfupa wa paja inachongwa na kuvishwa kofia ya chuma. Kichwa cha muundi kinasawazishwa na kuwekewa bamba la chuma. Katikati yao hukaa kipande cha plastiki ngumu, ndicho kinachofanya kazi ya gegedu. Chuma kinashikwa na saruji maalumu inayokauka mezani palepale, ndiyo maana kesho yake asubuhi walinisimamisha kwenye fremu ya kutembelea. Sikuamini. Nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, nikatapika, nikalala.

Tege limeondoka. Mguu umenyooka kama ulivyokuwa nikiwa kijana, na kwa siku hizi nne nimekuwa nikiutazama kama wa mtu mwingine.

Mazoezi waliyonifundisha ni matano na yote ni mepesi kuyaeleza: kupampu kifundo cha mguu ili damu isitulie, kukaza msuli wa paja na kuhesabu tano, kuinua mguu wote ukiwa umenyooka, kuburuta kisigino kuelekea matako, na kuegemeza kisigino kwenye taulo lililoviringishwa ili goti lishuke lenyewe. Kumi kumi, mara nne kwa siku. La mwisho nililiona la kivivu. Kumbukeni nilivyosema hapa, tutarudi.

Gharama ya hospitali, chuma kikiwamo: 12,600,000. Tulichanga, watoto wanne na kiinua mgongo kilichobaki. Bei zinatofautiana sana kati ya hospitali na hospitali, na chuma chenyewe ndicho kinachobeba sehemu kubwa, kwa hiyo ulizeni kama kimo ndani ya bei au la. Fremu 90,000, magongo 40,000. Sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda ni 14 kwa jumla. Kumi za kujichoma nyumbani, 150,000.

16 Agosti 2024, Tabata, kwa binti yangu

Mchana napona, usiku naadhibiwa. Saa nane za usiku goti linawaka kana kwamba kuna mtu amelisahau jikoni. Nilichojifunza: kimeze kidonge cha maumivu nusu saa kabla ya mazoezi na kabla ya kulala, usisubiri maumivu yafike ndipo uyakimbize. Barafu dakika 15 hadi 20, kitambaa kikavu katikati, mara tano kwa siku. Mjukuu ananiletea za pakiti za shilingi 200 kutoka kwa jirani, na zikishayeyuka anaidai pakiti ili aifanyie juisi.

Dawa kali za maumivu zinafunga choo. Hakuna aliyenionya kwa sauti ya kutosha. Siku ya tano nilikuwa nimeshalisahau goti, shida yote imehamia tumboni. Papai, maji, ukwaju, na kupunguza zile dawa mapema kadiri nilivyoweza.

Kosa la fundi: hapa kuna choo cha kukalia, kifupi, na nimegundua kwamba siwezi kuinuka bila kusukuma kwa mikono. Nilishika sinki, nusura ling'oke ukutani. Na kiti changu cha Tanga sikukiwekea mikono! Nilipima miguu nikasahau mabega. Nimempigia mwanafunzi wangu wa zamani akiongezee mikono pande zote mbili, sentimita 22 juu ya pa kukalia. Mbao na nauli yake 7,000, ufundi hakunitoza.

20 Agosti 2024, Tabata. Kukandwa

Jumamosi mtaalamu wa mazoezi tiba alikuja nyumbani akapima: kukunja 82, kunyoosha bado 6. Akafurahi, nami nikafurahi. Leo amepima tena: 71.

Kilichotokea katikati ni shangazi. Ana miaka zaidi ya themanini, alinibeba mgongoni, na alikuja Jumapili na ndoo, taulo mbili na majani aliyoyachemsha mwenyewe. Amewakanda wazazi wa ukoo mzima, na mguu uliovimba kwake ni mguu unaotaka maji ya moto. Binti yangu alinitazama, mimi nikatazama ukuta. Nani angemwambia hapana? Alinikanda Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, paja lote na kuzunguka goti, akikwepa bandeji kidogo tu. Wakati ule ilikuwa raha, nakiri.

Jumatatu usiku goti lilijaa kama tikiti. Nilikuwa nalipima kila siku kwa futi ya fundi cherehani, sentimita kumi juu ya pia ya goti: kutoka 43 lilikuwa limefika 47. Na shavu la mguu lilikuwa limekaza, jambo lililowatisha hospitalini kuliko uvimbe wenyewe, maana shavu la mguu lililovimba na kuuma baada ya upasuaji huu huenda lina damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge likichomoka huenda kwenye mapafu. Wakanipiga picha ya mawimbi ya sauti ya mishipa, 70,000. Hakuna donge, alhamdulillahi. Ilikuwa joto na kusuguliwa tu: mguu ambao bado unavuja ndani umeongezewa damu. Wakatoa pini 31 za kufungia ngozi leo leo, kidonda kimefunga, na nesi akanipa somo fupi kwamba majani na bandeji yenye unyevu juu ya pini ni njia ya kualika usaha.

Shangazi nilimweleza hivi: daktari amesema goti hili lina chuma, na chuma hukandwa kwa barafu. Alifikiri, akasema ni kweli, hata mhunzi hukipoza chuma kwa maji. Kuanzia leo ndiye msimamizi wa barafu.

25 Agosti 2024, Tanga

Tulisafiri Alhamisi kwa gari la shemeji, mafuta 110,000. Ni kilomita zaidi ya 300 na kukaa kwa muda mrefu ndiko kunakogandisha damu, hivyo tulisimama kila baada ya saa moja: Msata, Mkata, Segera, kila mahali nikitembea kwa fremu mbele ya wauza machungwa. Kiti cha choo chenye mikono ni kizuri. Lengo la kwanza limetimia siku ya kufika.

Mtaalamu wa Dar alinipa jina la mwenzake wa hapa na kuniambia nianze wiki hii hii. Nimeamua nifanye mwenyewe kwanza. Mazoezi nayajua, na vifaa vya kupimia ninavyo.

3 Septemba 2024. Wiki ya nne, na kosa kubwa

Hili nitaliandika kwa urefu.

Kwa siku kumi vipimo vyangu vilikuwa vinapanda vizuri mno. Jana nilisoma kukunja 101, kunyoosha bado 3. Lakini nilikuwa nachechemea vibaya, mgongo umeanza kuuma, na paja linachoka nikifika kona ya barabara. Mke wangu ndiye aliyesema, "Mwalimu, mbona unatembea kama unayenyata?" Nikakasirika, kisha nikaenda kliniki.

Mtaalamu ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Aliniamkia, akanilaza kwenye meza ngumu, akapima. Kukunja 86. Kunyoosha bado 12. Yaani kukunja nimejizidishia digrii 15, na kunyoosha nimerudi nyuma kuliko hata siku goti bovu lilipokuwa humo ndani.

Tukatafuta kosa la kwanza, la kipimo. Nilikuwa naegesha pembe yangu ya chuma, ile ya kupimia mbao, juu ya paja na juu ya ugoko. Juu ya paja pana nyama na uvimbe, haponyooki. Chombo kinachoegemea nyama kinapima nyama. Na kunyoosha nilikuwa napimia kitandani, juu ya godoro la sponji, ambapo kisigino na matako vinazama, goti linaonekana limelala kumbe linaning'inia. Miaka 31 nimewapigia wanafunzi kelele kwamba ubao haupimwi juu ya benchi lililopinda.

Njia sahihi ina alama tatu za mfupa, zote upande wa nje wa mguu: nundu ya mfupa wa paja penye nyonga, katikati ya ubavu wa goti, na nundu ya nje ya kifundo cha mguu. Mstari mmoja kutoka goti hadi nyonga, mwingine kutoka goti hadi kifundo. Usiku nimetengeneza pima yangu: papi mbili nyembamba za sentimita 40, bolti moja, na kipimapembe cha plastiki kutoka kwenye mkebe wa mjukuu kikiwa kimegundishwa penye bolti. Nimeipeleka kliniki ikalinganishwa na yake, zinatofautiana digrii 2. Napima mezani au sakafuni tu, na kila mara saa ileile ya jioni, kwa sababu goti la asubuhi ni gumu na goti lililotoka mazoezini linakudanganya.

Kosa la pili ndilo lililoleta madhara. Tangu nifike Tanga nalala na mto chini ya goti. Ni raha isiyo na kifani. Goti lililopasuliwa linapenda kukaa limekunjwa kidogo, na kwa mto unaweza kulala saa tatu mfululizo. Ila kovu la ndani linajijenga usiku na mchana, na linafuata umbo ulilolipa. Mimi nililipa umbo la mto. Ndiyo maana nanyata: mguu usionyooka ni mfupi, na msuli wa paja haupumziki hata ukisimama wima, unabeba mzigo muda wote.

Binti alinikalisha akasema, "Babu, kukunja utakupata hata mwezi wa tatu. Kunyoosha ukikukosa sasa, utakutafuta sana." Akaongeza kwamba goti likikataa kabisa, daktari anaweza kulikunja kwa nguvu mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa, na kwamba hilo halisubiri miezi mingi kwa sababu kovu likishakomaa halikubali tena. Sauti yake ilikuwa ya upole na sikulala.

Mpango mpya ni huu. Mto umehamia chini ya kisigino, kamwe si chini ya goti. Mara nne kwa siku dakika kumi, kisigino juu ya taulo na goti halina kitu chini yake, na baada ya wiki ya kwanza kilo moja ya mchele kwenye mfuko juu ya goti kidogo, kwa ruhusa yake. Kisha kulala kifudifudi, miguu ikitokeza nje ya kitanda kuanzia juu ya goti, iachwe ivutwe na uzito wake. Hilo la pili linauma kwa namna ya taratibu, kama jino. Na kila nikisimama foleni au jikoni, kulikaza goti nyuma.

Kliniki mara mbili kwa wiki, 15,000 kila mara, bajaji kwenda na kurudi 6,000. Kwa kujifanya fundi wa kila kitu nimepoteza siku kumi na mbili. Zile ziara tatu za Dar zilikuwa 30,000 kila moja na zilistahili.

12 Septemba 2024. Kipele

Asubuhi nimeona kipele chekundu kwenye mshono, na katikati yake kitu kama unywele mgumu. Moyo ulishuka. Mkwe wangu alikuwa tayari amevaa viatu kwenda duka la dawa kuninunulia antibiotiki.

Tulimsimamisha, na tulifanya vyema. Goti la chuma likiwa na wadudu, antibiotiki za kubahatisha huwaficha tu, na vipimo vikichukuliwa baadaye havionyeshi kitu. Unakwenda kwanza kwa aliyekupasua, au angalau unampelekea picha. Nilituma picha, nikapima joto (36.7), nikaandika: hakuna usaha, hakuna homa, uvimbe haujaongezeka. Jibu likaja kabla ya adhuhuri: ni ncha ya uzi wa ndani, ule unaoyeyuka, mwili unautema. Nesi wa kituo cha afya akausafisha, akaukata, akaweka bandeji. Kingekuwa kinatoa maji au usaha, goti jekundu lenye homa, wangenitaka Dar siku hiyo hiyo.

24 Septemba 2024. Wiki ya saba

Kunyoosha bado 4. Kukunja 104. Mgongo umeacha kuuma, na mke wangu amesema natembea kama mtu, neno ambalo kwake ni sifa kubwa.

Nimeanza baiskeli, bila kwenda popote. Phoenix yangu ina stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma, nikaifunga kariya kwenye nondo za dirisha kwa mpira, na kiti nimekipandisha hadi mwisho. Kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo goti linavyokunja kidogo pedali ikifika juu. Hata hivyo halikupita. Binti wa kliniki alikuwa ameniambia nisilazimishe mzunguko: sukuma mbele mpaka linapokataa, rudi nyuma mpaka linapokataa, kama mtoto anayebembea, dakika tano asubuhi na tano jioni. Kwanza litapita kwa kurudi nyuma.

Tatizo la pili sikulitarajia. Ili kukaa juu ya Phoenix lazima uvushe mguu juu ya bomba. Nilipanda stuli, nikavuka, na sikuweza kushuka hadi majirani wawili walipoacha bao lao. Kuanzia leo natumia baiskeli ya mke wangu, isiyo na bomba.

1 Oktoba 2024

Limepita! Kinyumenyume, saa kumi na mbili na robo asubuhi, likifanya "tak". Nimezungusha mara kumi na moja nikaogopa kuharibu. Mbele limepita siku tatu baadaye (nimeongeza mstari huu tarehe 4). Ule mlio wa "tak" ni chuma na plastiki vinapokutana, na bila maumivu wala uvimbe hauna neno.

29 Oktoba 2024. Wiki ya kumi na mbili

Kliniki imeisha, mara kumi na sita kwa jumla. Kunyoosha 1, kukunja 113. Magongo yamerudi kabatini, natembea na bakora, ambayo kwa wiki nzima niliishika mkono wa kulia kwa kuwa goti ni la kulia. Hushikwa mkono wa upande mzima. Wazee wengi mtaani kwetu wanaishika upande mbaya, nimeanza kuwahesabu.

Ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mgonjwa hutangulia. Kushuka kwa kupishanisha miguu bado, na nashika ukuta.

9 Novemba 2024. Mgandini

Nimekwenda na kurudi kwa baiskeli ya mke wangu, yenye kikapu mbele. Tanga mtu akipanda baiskeli haulizwi, ila mwalimu mstaafu kwenye baiskeli ya kike alipigiwa kengele na nusu ya barabara. Kilomita tatu na kidogo kwa jumla. Kupanda hakukuwa na shida. Kushuka, mazoea ya miaka hamsini yalitaka kurusha mguu wa kulia nyuma na kutua nao, na nilikuwa nimeshaanza. Nikasimamisha kwa mguu wa kushoto, ndizi zikamwagika, goti halikuguswa.

Jioni sentimita 2 za uvimbe. Kanuni yangu tangu Septemba: uvimbe ukiisha kufikia asubuhi, kiasi kilikuwa sawa, ukikuta bado upo, kesho fanya nusu. Asubuhi ulikuwepo. Nikapumzika siku mbili na safari iliyofuata nilikwenda kwa baiskeli, nikarudi kwa bajaji na baiskeli juu yake.

8 Februari 2025. Miezi sita

Kunyoosha 0. Kukunja 119, na haijasogea tangu Desemba. Goti bado lina joto kidogo ukilishika jioni, na upande wa nje wa kovu pana eneo la kiganja kizima lenye ganzi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hukatwa kisu kinapopita. Kandambili zangu zinalika sawa pande zote mbili kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzichunguza.

Lengo la tatu halikutimia. Nililijaribu Ijumaa iliyopita, juu ya mkeka uliotandikwa godoro jembamba. Kupiga goti chini niliweza. Chuma hakiumi, ila kwa ile ganzi unajihisi kama umepigia goti la mtu mwingine. Kusujudu niliweza. Kilichoshindikana ni kuketi baina ya sijda mbili, maana kukaa juu ya visigino kunadai kama digrii 150, na goti la aina hii kwa kawaida linaishia 110 hadi 125. Si suala la bidii, ndio mwisho wa goti lenyewe. Naswali kwenye kiti. Nimekitengeneza mwenyewe, chembamba, kisichokula nafasi ya safu, na msikiti umeniomba vingine vinne.

Jumla, kila kitu tangu jino: 13,718,000. Barafu pekee ilifika 42,000.

Goti la kushoto limeanza kulalamika kwenye ngazi. Daktari amesema linaweza kusubiri, na mimi nimeanza kuliegemeza kwenye taulo jioni, kisigino juu.

Kile kiti cha choo nimemwazima jirani wa nyumba ya tatu, anapasuliwa Aprili. Ni mrefu kuliko mimi, kwa hiyo nimekiongezea miguu sentimita 3, na meno amekwisha kupima.